Kiti Kimoja cha Kutoka Lorupeta

Sikilizeni vizuri, kwa maana mwishoni mtaulizwa ninyi.

Katika kambi ya jeshi la anga ya Lorupeta, kule jangwani, walikuwako watu watatu wenye vipaji vitatu. Kapteni Saumu Dakane alikuwa rubani mwenye mkono mtulivu. Ndege ikipatwa na kiwewe, yeye hapatwi. Sajini Elfasi Mwadime alikuwa fundi, na maradhi ya ndege aliyajua kabla hayajajitokeza. Koplo Mutheu Musembi alikuwa mwongoza ndege mnarani, naye alijaliwa masikio: mngurumo tu ulimtosha kujua ndege iko wapi.

Mkuu wao, Meja Zakaria Nyamweya, alikuwa mtu aliyechoka. Vita vya mpakani vilikuwa haviishi, likizo zilikuwa zimefutwa, na kila aliyempigia saluti alikuwa na swali moja machoni.

Siku moja ndege ilikwenda mpakani kuchukua majeruhi. Dakane aliiendesha. Mwadime alipanda pia, kwa kuwa desturi ya Lorupeta ni kwamba aliyeitengeneza ndege huruka nayo, asije akafunga parafujo kwa uvivu. Wakati wa kurudi, dhoruba ya vumbi iliifunika kambi, na gurudumu la kulia likagoma kushuka.

Mwadime akafunua sakafu, akashika mkono wa chuma wa kulishushia. Bomba lilikuwa limepasuka. Mafuta ya moto yakamchuruzika kiganjani. Hakuachia.

"Kaka, ukichoka niambie," majeruhi mmoja alimwambia. "Mimi nina mkono mmoja mzima."

"Utunze huo. Utashikia kijiko."

Gurudumu likashuka, likajifunga. Lakini gurudumu halioni njia.

Kule mnarani rada ilikuwa imezimika. Musembi akafungua madirisha yote, vumbi likamjaa kinywani, akasikiliza.

"Kapteni, uko juu ya jiko la kambi. Vuta kulia."

"Wamepika nini?"

"Maharage, afande."

"Tena? Basi heri nirudi mpakani."

Musembi hakucheka. Alimwongoza neno kwa neno mpaka penye mwanzo wa njia ya kutua. Lakini sauti haiteremshi ndege.

Hapo injini ya kushoto ikameza vumbi, ikafa. Upepo ukaipiga ndege ubavuni. Dakane akaishikilia, wala ardhi hakuiona mpaka alipoigusa. Ndege ikayumba, ikaserereka, ikasimama. Majeruhi wote walitolewa wakiwa hai.

Makao makuu yalisifu, yakatoa zawadi: kiti kimoja katika ndege ya mizigo, na likizo ya mtu mmoja. Atakayetajwa hawezi kumpa mwenzake nafasi hiyo, na jina lisipotajwa kabla ndege haijaondoka, nafasi inapotea.

Meja Nyamweya akawaita watatu uwanjani. "Nani anastahili?" akauliza, akitumaini mmoja atajitoa. Hakuna aliyejitoa. Kama wangekuwa wamepumzika, wangejitoa.

"Mama yangu kule Garsen macho yanazimika, afande," alisema Dakane. "Sasa anaona vivuli tu. Nataka anione nikiwa japo kivuli."

Mwadime akainua mkono uliofungwa bendeji. "Mwanangu amejifunza kutembea bila kunijua. Na kidonda hiki, kwa vumbi la hapa, hakitapona."

"Mimi nimeahirishiwa likizo mara mbili," alisema Musembi, "na mara zote niliwapisha wengine. Mmoja wao yuko hapa." Dakane akatazama buti zake. "Sasa hata kukiwa kimya, nasikia ndege ambazo hazipo. Masikio haya yatadumu mpaka lini, afande?"

Meja naye alikuwa na mke kule Keroka, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Injini za ndege ya mizigo zikaanza kunguruma. Askari aliyesimama mlangoni akapaza sauti: "Afande! Jina!"

Meja Nyamweya akawatazama mmoja mmoja. Alijua kwamba atakayemtaja atalala nyumbani, na kwamba wale wawili atakaowabakiza wataamriwa kurudi kazini kesho, bila mwenzao, na majeruhi wengine wanangoja mpakani.

Mlango ukaanza kufungwa. Meja akafungua kinywa.

Enyi mliosikiliza, kama mngekuwa mahali pake, mngemtaja nani?