Mzinga Wenye Ukambaa

Sadaka ina mzinga wake. Mmewasikia wazee wakimwambia hivyo kijana anayegawa kila alicho nacho kijiweni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mzinga umeingiaje hapo. Tulieni basi. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwetu.

Kalunde alikuwa mwanamke wa kwanza kijijini kutundika mizinga. Baba yake alipofariki bila mtoto wa kiume, watu walidhani mizinga yake kumi na miwili itaozea mitini. Kalunde akajifunga kibwebwe, akapanda na mwenge wa moshi, akarina.

Lakini kilichomnogea kuliko asali ni sifa. Aliyetaka asali ya pombe ya harusi alipewa, aliyetaka ya kulamba tu alipewa. Neno “sina” lilikuwa halijapata kumtoka. Mjomba wake Msabila, aliyekuwa mrinaji pia, alimuuliza kila mwombaji, “Ya nini?” na wengi waliondoka mikono mitupu. Walimwita mkono wa birika, na Kalunde alicheka pamoja nao.

Mwaka mmoja miti ilichanua kidogo, lakini waombaji hawakupungua hata mmoja. Mrinaji huwaachia nyuki masega ya kula wakati wa ukame. Hilo hata mtoto wa huku analijua. Kalunde alilijua vizuri. Ila angevumilia vipi kusikia watu wakisema Kalunde amekataa? Akayakata masega ya nyuki, mzinga baada ya mzinga, akayagawa. Nyuki wakahama.

Haukupita mwezi, jirani yake Nyamizi akaja mbio amembeba bintiye. Mtoto alikuwa ameangukia uji wa moto, na mkono ulikuwa umebambuka ngozi. Siku zile dawa ya moto waliyoijua ilikuwa asali.

“Dada Kalunde, nipe kidogo tu nimpake!”

Kalunde aligeuza kibuyu kimoja baada ya kingine. Havikuwa na hata tone. Alitamani ardhi immeze.

“Sina,” akasema, na kwa mara ya kwanza akaona uso wa mtu aliyemnyima.

Msabila alikuwa amesikia kilio. Alitokea na kibuyu kilichojaa, akakifungua, wakampaka mtoto mpaka akatulia.

“Mjomba, mwaka huu umeipata wapi?” Kalunde akauliza.

“Kwenye ule mzinga wenye ukambaa.”

Kila mtu aliujua mzinga ule uliofungwa ukambaa wa gome, na kila mtu aliamini kwamba mzee anajiwekea asali tamu kuliko zote.

“Sijaulamba hata siku moja,” Msabila akasema. “Ni wa mgonjwa, wa mzazi na wa mfiwa. Huutenga kabla sijagusa wangu.”

“Na watu wanakuita bahili, nawe umenyamaza!”

“Waache waite. Wewe, mpwa wangu, una moyo kunishinda. Ila unautoa kwa anayewahi kubisha hodi, na mwenye shida hakosi kuchelewa.”

Maneno yale yalimchoma Kalunde, kwa kuwa yalikuwa kweli. Mvua ziliporudi, mzinga wa kwanza aliotundika aliufunga ukambaa, kabla hajatundika hata mmoja wa kwake.

Miaka ikapita. Siku moja wajumbe wa mtemi walifika kuomba asali ya pombe ya sherehe.

“Yangu imekwisha,” Kalunde akawaambia.

“Na kile kibuyu pale?”

“Kile si changu.”

“Unamnyima mtemi?”

“Mtemi akiungua, na alete mkono wake. Nitampaka mwenyewe.”

Hapo binti wa Nyamizi akaingia, sasa msichana mkubwa, kovu limemjaa mkononi. Alikuwa ametumwa asali ya mwanamke aliyejifungua alfajiri. Akakichukua kibuyu kwa mkono uleule, akapita katikati ya wajumbe, kichwa juu. Kalunde alimtazama mpaka akapotelea njiani. Sifa zote alizowahi kupewa hazikuwahi kumjaza kifua namna ile.

“Rudini mkamwambie mtemi,” akasema, “sadaka ina mzinga wake.”

Msichana yule ndiye bibi yangu aliyemzaa mama. Kovu lake nimelishika kwa mikono hii. Kwa hiyo toeni, wajukuu zangu, toeni sana, ila mtenge kwanza. Sadaka ina mzinga wake.