Nyota ya Ndahani

"Nyota isiyopepesa haina kwao." Leo mmemsikia bibi yenu akimtupia maneno hayo yule mchumba wa dada yenu, mwenye ahadi nyingi, mkacheka bila kuelewa. Basi kaeni. Maneno hayo yalianzia kwa mtu aliyeitwa Ndahani, siku aliyotaka kwenda kwao, kumbe kwao kuko kisogoni.

Ndahani alikwenda kuchemsha chumvi nyikani, yeye na mkewe Nyemo na mama mkwe wake, Sechelela, mjane aliyeijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote kijijini. Zamani hizo mwanamume hakusemezana na mama mkwe wake. Hata kutazamana usoni ilikuwa aibu. Kwa hiyo Ndahani alitangulia, Nyemo akafuata, na Sechelela akaja nyuma kabisa na punda.

Walitembea jioni ili kukwepa jua. Kila alipogeuka, Ndahani aliona nyota moja kubwa, nyeupe, ikining'inia upande wa nyumbani.

"Wakati wa kurudi," alimwambia mkewe, "tutaielekea ile."

Chumvini walikaa zaidi ya mwezi. Moshi wa vyungu uliziba anga, na kila mtu macho yake yalikuwa motoni. Siku ya kurudi Ndahani aliamka alfajiri, moto umezimwa, anga safi, na nyota yake hiyo hapo.

"Ile kule! Pakieni!"

Wakaielekea. Nyika ile ni tambarare kama sinia, haina kilima wala mti wa kukumbuka, na mawingu yalitanda kabla jua halijachomoza, yakalifunika mchana kutwa. Huko nyuma Sechelela alikuwa akizungumza na punda.

"Punda wangu, nyota hii tulikuwa tukiiona jioni. Leo imetoka alfajiri. Wewe hulioni jambo?"

Ndahani alisikia. Lakini angejibu nini? Aliyeulizwa ni punda.

Alfajiri ya pili nyota ilikuwa mbele yao tena, naye akafurahi. Kisha mawingu yakapasuka, jua likachomoza. Likachomoza palepale, chini ya ile nyota.

Ndahani alisimama. Kwao ni upande linakotua jua. Hilo hata mtoto anayenyonya alilijua.

"Nyemo, mbona jua linatokea kwetu?"

"Sijui, mume wangu. Labda tumeshapita nyumbani."

"Tukipite kijiji kizima, na mbwa wake wote?"

"Basi labda jua ndilo limepotea."

Ndahani alilifikiria hilo kweli kweli. Akazunguka hapo hapo alipo, mara huku, mara kule, mpaka jua, nyota na nyumbani vikachanganyika kichwani. Akatikisa kibuyu: maji yalikuwa chini ya nusu. Kisima pekee walichokijua ni kile cha chumvini.

Sechelela akamshika punda sikio.

"Sikiliza, punda. Jua halijapotea. Aliyepotea ana miguu miwili, tena kamwoa binti yangu. Nyota za kweli hupepesa kama macho ya watu, na kila moja hukaa na wenzake. Hii imekodoa tu. Juzi jioni, leo alfajiri, inalizunguka jua kama nondo na taa. Haina kwao. Itakuonyeshaje kwako?"

Nyemo alifunika mdomo. Ndahani akatazama chini, akasema polepole, "Punda, ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Ningegeuka, punda wangu. Ningerudi kisimani kabla kibuyu hakijakauka."

"Punda ana akili," alisema Ndahani, akageuka.

Maji yaliisha kabla kisima hakijaonekana. Walifika wakiwa wamekaukiwa ndimi, Nyemo ameegemea punda, lakini walifika. Wakanywa, wakajaza vibuyu, na asubuhi wakaligeuzia jua kisogo mpaka kwao.

Nyinyi mmefundishwa shuleni kwamba ile si nyota, ni Zuhura, sayari, ndugu wa dunia yetu. Inalizunguka jua kwa karibu kuliko sisi, ndiyo maana hailiachi: majira mengine huonekana jioni, mengine alfajiri. Na mwanga wake ni wa kuazima kwa jua. Sawa. Ndahani hakuambiwa hayo. Mpaka anazeeka, akiiona jioni alikwenda zizini kuuliza, "Punda, na leo inakwenda wapi?"

Kwa hiyo bibi yenu hakumtukana yule kijana. Amemwuliza tu: unang'aa, tumeona, lakini kwenu ni wapi? Nyota isiyopepesa haina kwao.