Mkeka wa Aliyemzuia Fonua

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za majitu, ni zamani za majuzi tu, simu zilikuwepo na mtandao ulikuwa unakatika kama kawaida, alifika Tukuyu kijana wa miaka kumi na tisa. Jina lake Viliami Fonua. Kwao ni Tonga, visiwa vya mbali kiasi kwamba sisi tukiamka, wao wanakula chakula cha jioni. Kanisa lake, la Wamormoni, lilimtuma miaka miwili aje kugonga milango na kuhubiri. Kifuani alibandika kibao kilichoandikwa Mzee Fonua, maana ndivyo wanavyoitana hao. Wazee wetu wenyewe walipokisoma walimwuliza kwa upole ana wajukuu wangapi.

Sheria yao ni kutembea wawili wawili, na wawili hao hawaachani ila mlangoni pa choo. Mwenzake alikuwa Mzee Kasongo wa Lubumbashi, miaka ishirini, kijana aliyezijua sheria zote na kuzipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Sheria nyingine ni kwamba hawanywi chai.

Sasa fikirini wenyewe. Watu wasiokunywa chai, wakapelekwa Tukuyu, ambako ukichungulia dirishani unaona chai, na mvua ikikatika unaona chai iliyolowa.

Wakagonga mlango wa kwanza. "Karibuni, chai hii." "Asante, hatunywi." Wakagonga wa pili. "Karibuni, chai hii." "Asante, hatunywi." Wakagonga wa tatu, wakamkuta Bibi Tusekile, aliyechuma chai miaka arobaini mpaka vidole vikapinda. Akawawekea vikombe vyake vya wageni. Viliami akasema asante, hatunywi.

Bibi akauliza, "Kikombe changu kina nini?"

Viliami akaeleza kwa Kiswahili chake cha miezi mitano, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Kufika Jumapili mtaa mzima unajua vijana wa vibao wanadharau chai ya Bibi Tusekile. Milango ikafungwa. Wiki tatu hakuna aliyewakaribisha hata kwenye kibaraza, na mvua ile mnaijua.

Jumatano asubuhi Viliami akafunga begi. "Nimeshindwa," akasema. "Narudi kwa mama."

Akaenda stendi kupanda basi la Mbeya, huko atafute ndege. Kasongo alikuwa anafua. Akafanya nini? Akachukua mashati yake mabichi, akayatia kwenye ndoo, akamfuata na ndala miguuni.

"Unakwenda wapi?" Viliami akauliza.

"Tonga. Sheria inasema tusiachane."

Basi la kwanza likaja. Mpiga debe wa hapo, Ambilikile, akamnyang'anya Viliami begi kwa ukarimu wake wa siku zote na kulitupa ndani ya buti. Ila buti lile lilikuwa la basi la Kyela, lililosimama ubavuni, na basi la Kyela likaondoka na begi. Ndani mlikuwa na pasipoti. Viliami akabaki amesimama, na basi la Mbeya likaenda zake.

Saa sita basi la pili likaja. Ambilikile, aibu imemkaba, akasema, "Mzee, wewe panda, ukalale Mbeya. Begi nitakuletea mwenyewe kesho, haki ya Mungu." Viliami akakubali, akaweka mguu mlangoni. Kondakta akatangaza kwamba kiti ni kimoja.

Kasongo akasogea na ndoo yake. "Basi nitakaa mapajani mwake."

Kondakta akamtazama Viliami, akayatazama mapaja, akaitazama ndoo. Akakataa. Kasongo naye akashika mlango, hamshiki mwenzake shati, hamsukumi, anasoma sheria tu kwa sauti, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Abiria wakaanza kupiga kelele. Viliami akaona haya, akashusha mguu. Basi la pili likaenda.

Saa kumi begi likarudi kutoka Kyela, likinuka dagaa. Basi la tatu likaja, viti viwili vitupu. Sababu zote za kutoondoka zimekwisha. Na hapo ndipo Bibi Tusekile akatokea, mwavuli mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili, kwa kuwa mtaani walikuwa wamemwambia kwamba yule mtoto mkubwa anashinda stendi analia.

Akamimina. Viliami akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, siwezi."

"Najua huwezi. Ni mchaichai na tangawizi, majani ya chai hayamo hata chembe. Wiki tatu hizi nimenuna, lakini nikilala nawaza, baridi yote hii mtoto wa watu anakunywa nini? Tangu niolewe sijawahi kuchemsha sufuria bila majani ya chai. Leo nimechemsha, jirani akaniuliza kama naumwa."

Viliami akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili. Cha tatu alikinywa huku machozi yanamdondokea kikombeni, na dereva alipopiga honi hakugeuka. Basi la tatu likaenda.

Jumatatu, siku yao ya kupiga simu nyumbani, akamsimulia mama yake yote. Mama Fonua alikuwa anasuka mkeka laini, ule ambao kwao hufungwa kiunoni siku za heshima, ili mwanawe auvae siku atakaporudi. Akaumaliza upesi, akautuma. Miezi mitatu baadaye ukafika na barua: "Mpe aliyekuzuia usirudi. Ni mmoja, mpe mmoja. Atakayeukata amekata mikono yangu."

Na ulifika siku gani? Siku ambayo Viliami anahamishiwa Dodoma, gari liko nje. Akawakusanya watatu nyumbani kwa Bibi.

Ambilikile akasema, "Bila mimi angepanda basi la kwanza. Wengine mlimkuta stendi kwa sababu nani alimweka stendi?" Akaufunga kiunoni kujaribu. Ulimkaa vizuri, na hilo likawaudhi wenzake.

"Wewe ulikosea," Kasongo akasema. "Na tena ukamwambia apande la pili. Mtu hapewi mkeka kwa kukosea. Mimi nilikuwa tayari kwenda Tonga na ndala."

"Ulimfuata kwa sheria," Bibi Tusekile akasema. "Angekuwa mwingine ungemfuata vilevile. Hawa wawili wamezuia mabasi, mwanangu. Basi si mtu. Viti viwili vilikuwepo, begi lilikuwepo. Mimi nimemzuia yeye."

"Kwa chai yako ndiyo akataka kuondoka," Ambilikile akasema, huku anaufungua mkeka polepole. Bibi akaivuta chupa yake kifuani. Sitaficha, hapo hata mimi nilimhurumia.

Viliami akauchukua mkeka. Akamtazama aliyekosea, akamtazama aliyetii, akamtazama aliyenuna kisha akachemsha. Nje gari likapiga honi.

"Jumatatu nitampigia mama simu," akasema. "Ataniuliza jina moja."

Msiniambie ukatwe, mama wa watu ameshasema. Msiniambie abaki nao mwenyewe, maana aliambiwa autoe. Honi imelia mara ya pili, na watatu wamenyoosha mikono. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinywa chai yangu: je, mkeka ule ulikuwa wa nani?