Jirani Aliyegonga Mlango

Ndugu zangu, sikilizeni habari ya mjane mmoja wa huko milimani, ambako mvua haijui kupumzika. Walimwita Mama Subilaga. Jirani yake alimzushia binti wa mjane huyo ugonjwa wa kifafa, na posa ikavunjika. Binti akaondoka kwao kwa aibu, asirudi.

Baadaye yule jirani akaja, akapiga magoti mlangoni.

“Dada, nilisema uongo. Wivu ulinitawala. Nisamehe.”

“Nimekusamehe,” akajibu mjane, na majirani wakapiga vigelegele.

Lakini jirani akimletea ndizi, mjane anawapa nguruwe kwanza, kisha anakaa kuwatazama aone kama zina sumu. Akimwona jirani anacheka na mtu njiani, anajibanza nyuma ya migomba asikilize kama anatajwa yeye. Akisalimiwa tu, anajiuliza: leo huyu anataka nini? Nani kati yetu hajawahi kujibanza hivyo?

Asubuhi moja, mvua ikiwa imeshika kasi, jirani akaja mbio.

“Mama Subilaga, toka! Ukuta wako wa nyuma umepasuka!”

Mjane akachungulia dirishani. Akasema moyoni: anataka nitoke ili afanye nini humu ndani?

“Asante, nimesikia. Wewe nenda tu.”

Akatia komeo. Jirani akagonga. Akagonga tena huku analia. Ukuta ukaanguka.

Udongo ulimfunika mjane mpaka kifuani. Akasikia mtu anafukua kwa mikono. Alipofumbua macho, akauona uso wa jirani yake. Mnadhani alisema asante? Alisema hivi:

“Umekuja kuhakikisha nimekufa?”

Jirani hakuacha kufukua. “Usiongee, dada. Vuta pumzi.”

Alitolewa mzima, ila mguu mmoja haukupona tena.

Ndugu zangu, jirani alikosa, tena vibaya. Hilo tusilifiche. Mjane angeweza kumwambia, “Bado naumia, nipe muda,” na Mungu asingemkasirikia. Lakini alitoa msamaha mdomoni, moyo akauacha ukishika zamu, na mlinzi huyo hakumlinda na chochote. Ndivyo tulivyo sisi. Tunasamehe mbele za watu, kisha tunaishi tukimvizia tuliyemsamehe.

Sasa nakuuliza wewe unayemfikiria mtu fulani hivi sasa. Ndiyo, huyo huyo. Akija leo kukuambia nyumba yako inaanguka, utatoka?