Pipa la Barafu Sita

Theluji ilikuwa imefika madirishani, na baridi ya bonde la Tansy ilikata kama msumeno. Nyuma ya ghala la Asahel Thrall kulikuwa na pipa la pombe ya matufaha, limeachwa wazi lipigwe na baridi ya usiku. Kila asubuhi Asahel alivunja ganda la barafu akalitupa kando. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko jana, na kikali kuliko jana. Maji huganda, ukali haugandi. Hayo alifundishwa na baba yake, pamoja na mwiko mmoja: ukishatoa barafu ya tatu, basi, funika pipa.

Mwaka huo bonde lilikuwa matatani. Wenye kiwanda cha pamba walitaka kuziba mto, na bwawa lao lingezamisha mashamba ishirini na matatu, pamoja na bustani ya matufaha ya Asahel. Uamuzi ulikuwa wa mkutano mkuu wa Machi, ambapo kila mwenye nyumba husimama kwa miguu yake na kuhesabiwa. Watu wa bonde waliapa kusimama wote kupinga. Walikuwa wengi. Ushindi ulikuwa wao.

Wiki moja kabla, alifika Crandall, wakala wa kiwanda. Akaonja pombe, akafumba macho.

"Mzee Asahel, hii si pombe, hii ni dawa! Ila ng'ambo ya mlima kuna mtu anatoa barafu sita. Wanasema wewe huthubutu."

"Nani anasema?"

"Aa, maneno ya watu tu. Mimi nimewaambia bingwa ni Thrall. Leta pipa siku ya mkutano, uwazibe midomo."

Asahel akavimba kichwa kama unga uliotiwa hamira. Akatoa ya nne, akatoa ya tano, akatoa ya sita. Mkewe, Mehitabel, alisimama na ndoo ya maziwa akimtazama.

"Baba Hepsi, umeshapita kipimo cha baba yako."

"Baba hakuwahi kusifiwa na mtu wa kiwanda."

"Na huyo anayekusifu, shamba lake liko wapi?"

Asahel akalitupa ganda la sita kando.

Siku ya mkutano pipa liliwekwa katika banda la farasi, kando ya ukumbi. Mapumziko ya mchana yalipofika, watu wa bonde walikunywa kama walivyozoea, vikombe viwili viwili vya bati.

"Jamani, hii inapiga teke kama farasi!" alicheka Zadok, jirani yake.

"Wewe umezoea maziwa! Ongeza, bwana," Asahel alijibu, kifua mbele, naye akajiongezea.

Crandall alisema tumbo linamsumbua. Akanywa chai.

Kengele ikalia. Ikaitwa kura ya bwawa.

"Wanaopinga, wasimame!"

Asahel alisikia vizuri kabisa. Aliiamuru miguu, miguu ikagoma. Zadok alikuwa akikoroma begani pake; wengine hata ukumbini hawakurudi, walilala bandani juu ya majani makavu. Walisimama tisa tu. Kisha wakaitwa wanaokubali. Wenye maduka ya mjini, ambao hawakuwa na hata mti mmoja wa kuzama, walisimama kumi na tisa, wakakamavu kama vigingi. Kiwanda kikaandika kwamba bonde limekubali. Uongo mtupu! Bonde halikukubali, bonde lililazwa.

Mwezi Mei wa mwaka uliofuata, bwawa likiwa limejengwa, mitufaha ilichanua ikiwa imezama hadi kiunoni. Zadok alikuwa akifunga mizigo juu ya mkokoteni.

"Sikulaumu kwa kuleta pombe, Asahel," alisema bila kugeuka. "Ungetuambia tu kwamba ni barafu sita. Tungekunywa nusu kikombe, tukasimama."

"Nilitaka mshangae wenyewe," Asahel alisema. "Nilitaka mseme..."

"Haya. Tumeshangaa."

Mkokoteni ukaondoka, na maji yakaendelea kupanda, shina baada ya shina. Wahenga waligema minazi, barafu hawakuijua. Wala Asahel hakutia maji katika pombe yake, bali aliyatoa. Lakini sifa iliyomponza ni ile ile, na hasara ni ile ile: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.