Koti la Dirisha la Nne

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Foleni!
Foleni ya nini?
— Ya posho!
Posho ya nani?
— Ya asiye na kazi!

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kazi asogee nyuma.

Hapo kale, tena siyo kale sana, Pimbi alitoka kwao milimani, kwenye mawe, akavuka mto akaenda kusoma nchi ya bondeni. Ukoo mzima ulimchangia. Akasoma miaka mitatu, akapata shahada ya elimu ya mito, kitu kinachohitajika mno na mnyama anayeishi juu ya mwamba. Siku ya mahafali alivishwa joho likamfunika mpaka masikio, akapigiwa vigelegele. Kesho yake chuo kikamfungia geti, na njaa ikamfungulia la kwake.

Nchi ya bondeni ilikuwa na sheria nzuri. Mnyama asiye na kazi alipewa kapu la majani na matunda kila Jumatatu. Kulikuwa na sheria nyingine, nayo nzuri vilevile: mgeni asiye na kazi wala posho, masika yakianza, anavushwa mto arudi kwao. Na mawingu yalikwishaanza kukusanyika. Pimbi hakuogopa mto. Aliogopa kuutazama ukoo uliomchangia, huku mkononi ana joho na tumboni hana kitu.

Akaenda ofisini, tipu-tipu-tipu. Mkuu wa ofisi alikuwa Kiboko, amejaa kwenye kiti mpaka kiti hakionekani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Sina kazi. Naomba posho."

"Umewahi kufanya kazi nchi hii?"

"Bado, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja."

"Posho ni ya aliyekuwa na kazi akaipoteza. Wewe umepoteza nini? Nenda kapate kazi, uipoteze, halafu uje."

Mhuri, ga! Njoo kesho.

Pimbi akaenda kutafuta kazi ya kupoteza. Akamkuta Nungunungu kwenye shamba lake la viazi. "Kazi ipo tele, mwanangu," akasema Nungunungu. "Kibali cha kazi unacho?" Hana. Akarudi ofisini, tipu-tipu-tipu.

"Kibali hupewa mwenye kazi," akasema Kiboko. "Una kazi?"

"Nitaipata nikipata kibali."

"Basi kibali utakipata ukipata kazi."

Mhuri, ga! Njoo kesho.

Kesho ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Tumbo la Pimbi likanguruma, nguru-nguru-nguru, mpaka waliokuwa mbele yake kwenye foleni wakadhani mvua imefika. Lakini aliyekaa foleni sana huona mengi. Dirisha la Nne halikuwa na karani. Kulikuwa na kiti, na juu ya kiti koti limetundikwa. Ukiuliza, unaambiwa, "Karani ametoka kidogo. Koti lake si lile?" Alikuwa ametoka kidogo kwa miaka miwili. Buibui alikuwa amelea watoto na wajukuu ndani ya mkono wa koti.

Na kila Jumatatu, kapu la chakula cha karani wa Dirisha la Nne lililetwa. Kiboko alimaliza la kwake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalivuta na lile. Kacha-kacha-kacha! Anamhifadhia mwenzake, maskini.

Siku moja ikaja habari: Bi Korongo, mkaguzi mkuu, atafika Ijumaa awaone makarani wote kwa macho yake. Kiboko akatoka jasho mpaka sakafu ikateleza.

Pimbi akasogea. "Mheshimiwa, lile koti nadhani lingenitosha."

Kiboko akamtazama, akalitazama koti. "Siku moja tu?"

"Moja tu. Nakaa, nafunga mdomo. Ila Bi Korongo akiniuliza kibali je? Mimi ni mgeni."

Ga! Kibali kikatoka.

"Na akiuliza nimeanza lini?"

"Miaka miwili iliyopita!" Ga! Barua ya ajira ikatoka, na tarehe ya zamani. Mhuri ule haujawahi kuwahudumia wananchi kwa haraka namna hiyo.

Ijumaa Bi Korongo akaingia, ko! ko! ko!, miguu mirefu na miwani.

"Huyu ndiye karani?"

"Ndiye," akasema Kiboko. "Mchapakazi. Miaka miwili hajakosa kazini hata siku moja."

Na kweli, koti lilikuwa halijakosa. Bi Korongo akaandika jina la Pimbi kwenye daftari lake, akaenda zake.

"Haya, vua koti upotee," akasema Kiboko.

"Nitapoteaje, Mheshimiwa, na jina langu analo Bi Korongo? Akirudi asinikute, atauliza. Andika tu kwamba umeniachisha kazi."

"Hilo tu?" Kiboko akacheka mpaka kuta zikatikisika. Kitu alichokipenda kuliko kula ni kumfukuza mtu. Pimbi aliipokea barua akainamisha kichwa kuficha furaha, na Kiboko akadhani ni uchungu, akazidi kufurahi. Ga!

Jumatatu asubuhi, wa kwanza kwenye foleni ni nani? Pimbi!

"Wewe tena? Umewahi kufanya kazi?"

"Miaka miwili, Mheshimiwa. Kibali hiki. Barua ya ajira hii."

"Umeipoteza?"

"Ijumaa. Mhuri wako huu."

Kiboko akavimba. "Uongo! Hukufanya kazi hapa hata saa moja!"

"Basi tumwite Bi Korongo," akasema Pimbi kwa upole. "Tumweleze makapu ya miaka miwili yaliliwa na nani."

Kiboko akainua mhuri polepole, kama anayeng'olewa jino: ga. Kapu la posho likaletwa, lakini la karani wa Dirisha la Nne halikuja, kwa kuwa ameshaachishwa na chakula chake kimefutwa. Pimbi akakaa papo hapo akala. Kacha-kacha-kacha! Kiboko akameza mate.

Jumatatu iliyofuata Kiboko alikuta foleni imezunguka ofisi mara tatu. Swala, fungo, kanga, wote na vyeti vyao vya chuo.

"Mnataka nini?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," wakajibu kwa pamoja. "Tumekuja kufukuzwa kazi."

Basi, wanangu, hadithi inatufunza hivi: someni kwa bidii, semeni kweli, fuateni utaratibu, na ofisi itawaona. Haijawahi kumwona yeyote, lakini ninyi itawaona.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa njema, ni yenu nyote. Ikiwa mbaya, nirudishieni mwenyewe, siku za kazi, kabla ya saa sita mchana, na nakala mbili.