Wibari na Mkono wa Sitini na Moja

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa na nini?
*Na kiti!*
Kiti cha nani?
*Cha aliyewahi kukikalia!*

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeshika kisahani, tafuna polepole.

Zamani katika nchi ya Israeli, kusini kule kwenye mawe makavu, aliishi Wibari, mnyama mdogo wa miambani, na mkewe Ketura. Karibu na mwamba wao kulikuwa na chemchemi moja. Ndogo, lakini watoto wao walikunywa hapo, na majirani wote pia.

Fisi naye akaitamani. Alitaka kuivuta kwa bomba hadi nyumbani kwake, apate pa kuoga. Fisi, kuoga! Ndiyo hivyo, alishapata pesa.

Wibari akamwambia mkewe, "Naingia kwenye siasa niiokoe chemchemi. Kazi ya siku mbili tatu tu."

Akagombea udiwani. Baraza la mji lilikuwa na viti saba. Fisi akapata vitatu, Mbuzi-mwitu vitatu, Wibari kimoja.

"Ndugu yangu," Fisi akasema, "inua mkono niwe meya."

Wibari akakohoa, kho kho. "Mkono wangu mfupi, Mheshimiwa. Nipe kitu nisimame juu yake."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu. Kiti cha Idara ya Maji."

Hi-hi-hi! Fisi akampa. Wibari akakipanda, akainua mkono. Tangu siku hiyo kila Fisi alipoulizia chemchemi, Wibari alijibu, "Kamati bado inakaa, Mheshimiwa." Kamati ilikuwa yeye.

Fisi akachoka na mji, akataka nchi, na Wibari naye akagombea ubunge. Bunge lina viti mia moja na ishirini, na hakuna anayeunda serikali bila mikono sitini na mmoja. Fisi akapata sitini. Wa sitini na moja, kho kho, mnamjua.

"Ndugu yangu kipenzi, inua mkono niwe Waziri Mkuu!"

"Mkono wangu mfupi, Mheshimiwa. Nipe kitu nisimame juu yake."

"Kitu gani tena?"

"Kidogo tu. Uwaziri wa Maji. Na kasheria kafupi: chemchemi yetu izungushiwe ua, isifunguliwe bila mikono sitini na mmoja."

Fisi alikuwa anatokwa na udenda kwa kile kiti kikubwa. Akatia sahihi bila kusoma, chwa!

Kesho yake akafika chemchemini na bomba begani, gudu gudu gudu. "Fungueni!"

"Mikono sitini na mmoja," akasema Kobe, mlinzi wa ua.

Fisi akawaita watu wake. Sitini wakainua. Akamgeukia Wibari.

"Mkono umekufa ganzi, Mheshimiwa," akasema Wibari. "Sikuungi mkono tena."

Serikali ikaanguka, puu! Fisi akaondoka analia, bomba linaburuzika. Nchi ikamshangilia Wibari, mkombozi wa maji. Wakamwongezea kiti cha tatu. Akavipanga kimoja juu ya kingine, akakaa kileleni.

Asubuhi Ketura akaja na mtungi mtupu, watoto nyuma yake, midomo imepasuka kwa kiu.

"Baba watoto, tufungulie."

"Sheria ni sheria, mke wangu. Mikono sitini na mmoja."

Ketura akageuka. Akapita mwamba kwa mwamba, akarudi na majirani. Wakainua mikono. Kobe akahesabu: sitini. Wote wakamtazama aliye juu ya viti.

Wibari akakohoa, kho kho. "Mkono wangu mfupi, wananchi. Nipeni kitu nisimame juu yake."

Ketura akaupindua mtungi wake mkavu, akauweka chini mbele ya viti vile.

"Simama hapa," akasema. "Usiogope, hakuna kitakachomwagika."

Wibari akautazama mtungi. Akawatazama watoto wake. Akauliza, "Hakuna kikubwa zaidi?"

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, niliitunga mimi. Ikiwa chungu, mwandikieni Waziri, kamati inakaa.

Na funzo lake, wanangu: kiongozi akiwa mdogo na akiomba kidogo tu, mpeni bila wasiwasi. Hataomba tena.